Kabla hujaomba kompyuta kuu

Wiki hii kijana mmoja wa Bukavu ameniandikia: «Yaya, nataka kuiga kwa kompyuta maisha ya kundi la nyota za angani, lakini huku hatuna kompyuta kuu, zile zenye nguvu kubwa mno. Nianzie wapi?»

Mimi nilipotaja jambo hilo mbele ya walimu hapa Lubumbashi, mmoja aliuliza kama nyota zinachimbwa. Ukumbi ukacheka. Katika mji wa shaba swali lilikuwa na utamu wake, nakubali. Bado linaniuma.

Mdogo wangu, anza na laptopu hiyo hiyo. Mimi nilianzia Katuba, hapa hapa Lubumbashi, kwenye mashini ya mtumba, na nyota mia. Kazi ni moja: kila nyota inavutwa na nyingine zote, piga hesabu ya mvuto, zisogeze kidogo, rudia. Nyota 1,000 ni jozi 499,500 kwa kila hatua. Ongeza nyota mara mbili, jozi zinakuwa karibu mara nne. Ndiyo maana watu wanakimbilia kompyuta kuu. Lakini Sebastian von Hoerner, mwanaastronomia wa Ujerumani, mwaka 1960, alitoa hesabu za nyota 16 tu! Simu yako inaishinda mashini yake, basi usilie.

Kisirani ni nyota pacha. Mbili zikianza kuzungukana kwa karibu, zinadai hatua fupi mno, na hesabu nzima inakwama kwa ajili yao. Umeme nao hukatika usiku huo huo. Agiza programu iandike hali ya kila nyota kwenye diski mara kwa mara, upate kuendelea ilipoishia. Halafu pima jumla ya nishati: ikipanda au kushuka ovyo, matokeo ni uongo, hata yakipendeza.

Nilipoona nyota nzito zinazama katikati na nyepesi zinatoroka kundi, nilipiga kelele, majirani wakadhani nimeshinda bahati nasibu. Baadaye, kwa kushirikiana na watafiti wa Afrika Kusini, niliingia Lengau, kompyuta kuu ya Cape Town, na NBODY6, programu ya Sverre Aarseth ya kufanya hesabu hizi hizi, ambayo ni ya bure. Niliingia nikijua ninachotafuta. Vijana wetu tunapenda kuomba mashini kabla ya kuandika hata mstari mmoja. Tuache hiyo tabia! Andika kwanza.

Ukimaliza nyota zako mia, nitumie grafu ya nishati. Picha za nyota nimezishiba.