Mizani ya dagaa haipimi VVU

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, nanunua dagaa visiwani nauzia hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Nina mke na mtoto wa miezi mitano. Wiki tano zilizopita nilikuwa kisiwani, ilikuwa mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, wavuvi hawaingii ziwani, tukashinda tunakunywa. Usiku nikalala na mwanamke anayeuza chakula pale kambini, kavu kavu. Siku ya tisa nilinunua kile kipimo cha kujipima VVU cha mdomoni, kikaonyesha sina, nikafurahi. Baada ya wiki moja homa ikaja, koo likauma, jasho usiku, vipele kifuani, na tezi chini ya taya imevimba, naigusa kila saa. Nimesoma kwenye simu kwamba hizo ndizo dalili za mwanzo. Nimemeza dawa ya mseto ya malaria na antibayotiki za dukani. Homa imeisha, tezi bado. Nilikuwa na kilo 64, sasa 61, najipima kila asubuhi kwenye mizani ya dagaa. Sili wala silali. Yule mwanamke alikuwa mnene, ngozi nzuri kabisa, ila wanawake wa visiwani unawajua tena. Mke wangu nimeshalala naye mara mbili tangu nirudi, hajui kitu. Pia nikikojoa asubuhi nasikia kuchomwa, na kuna uteute kidogo. Shangazi, ninao?*

*Wa Kirumba*

Marahaba mwanangu. Nimebadilisha mambo mawili matatu kwenye barua yako ili hata anayepanga magunia karibu na yako asikutambue.

Swali lako halijibiki kwa barua. Jibu liko kwenye damu yako, na damu bado hujaiuliza kwa wakati wake. Ila kuna mambo hayawezi kusubiri jibu hilo, nitaanza nayo.

Umeandika mistari mingi kuhusu shingo yako, na mstari mmoja tu kuhusu mkeo. Ana mtoto wa miezi mitano, kwa hiyo ananyonyesha. Mama akiambukizwa VVU katika kipindi hiki, virusi huwa vingi sana mwilini mwake wiki za mwanzo, vikiwemo vilivyo kwenye maziwa, na mtoto anaweza kuambukizwa kabla hata mama hajajua. Kipimo alichopimwa kliniki akiwa mjamzito kilisema habari za wakati ule, hakijui ulikwenda kisiwani. Kwa hiyo kuanzia leo usiku, ama hulali naye, ama mnatumia kondomu kila mara. Na usimwambie aache kunyonyesha kwa sababu ya hofu yako. Hilo ataamua na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto baada ya kupima, kwa sababu kumwachisha mtoto ghafla nako kuna hatari zake.

Hukunitajia mara ya mwisho kulala naye ilikuwa lini. Kama haijapita siku tatu, usimalize kusoma, nenda kituoni sasa na useme hivyo hivyo. Kuna dawa za kinga zinazoitwa PEP. Huanzwa ndani ya saa 72 tangu tendo, mapema kadiri inavyowezekana, na humezwa siku 28. Kwa usiku ule wa kisiwani umeshachelewa, lakini kwa mkeo mhudumu anaweza kuona bado kuna nafasi. Nawaambia na wengine mnaosoma hapa: saa 72 si wiki. Ukikosea Jumamosi usiku, Jumatatu asubuhi uwe kwenye benchi la hospitali.

Sasa nenda kwenye ule mstari wako wa mwisho, ule uliouandika kama mtu anayekumbuka chenji dukani. Kuchomwa wakati wa kukojoa, na uteute asubuhi. Mwanangu, katika yote uliyoyataja, hilo ndilo linalohitaji matibabu leo, liwe lina uhusiano na VVU au halina. Linaweza kuwa kisonono, linaweza kuwa klamidia, wakati mwingine huwa vyote viwili pamoja. Antibayotiki ulizomeza bila kipimo wala dozi kamili zinaweza kuwa zimeutuliza tu ugonjwa, na mkeo anaweza kuwa nao bila kusikia dalili yoyote, maana kwa wanawake mara nyingi hujificha. Mtatibiwa wote wawili, siku moja, la sivyo mtaambukizana huku na huku kama watu wanaorushiana mpira.

Nalishikilia hili kwa sababu ushahidi wake ulitoka hapa hapa kwetu. Kuanzia 1991 hadi 1994 watafiti waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vya kawaida mkoani Mwanza, zikiwemo jamii za kando ya ziwa na za visiwani, wakalinganisha na jamii nyingine ambazo zilikuwa bado hazijafikiwa. Pale walipoboresha, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40. Matokeo yalichapishwa 1995 na kusomwa duniani kote. Michubuko na uvimbe wa magonjwa haya huvifungulia VVU mlango, na anayetibiwa vizuri huwa ameurudishia. Wewe umekaa unabonyeza shingo, mlango uko wazi.

Tuje kwenye dalili zako. Ni kweli, VVU vinapoingia, watu wengi hupata hali kama mafua makali kati ya wiki ya pili na ya nne: homa, koo, vipele, tezi, jasho. Siku zako zinaangukia humo humo, sitakuficha. Lakini malaria nayo huleta homa na jasho, na wewe ulimeza dawa ya mseto bila kupimwa, kwa hiyo hatutajua kama ulikuwa nayo. Mafindofindo huleta koo na tezi. Dawa za dukani zenyewe huwatoa watu vipele. Ukiwa unashuka majini kupokea mizigo, hata kichocho usikitoe kwenye orodha, nacho mwanzoni huweza kuleta homa na vipele. Kuna watu wanaopata VVU wasisikie hata kuumwa kichwa, na kuna watu walioumwa kama wewe wakapima, wakapima tena, hawana kitu. Na tezi, mwanangu, ukiibonyeza kila saa kwa wiki tatu itauma na itakataa kushuka hata kama mwanzo haikuwa na neno.

Hizo kilo tatu nimeziona vizuri. Ni kama nakuona alfajiri pale Mwaloni, wenzako wanashusha magunia, wewe unajifanya unakagua mizani kisha unapanda juu yake, siku nyingine na mabuti, siku nyingine peku. Lakini umeniandikia mwenyewe: huli, hulali. Mtu asiyekula wiki tatu hupungua, hata angekuwa hajaondoka nyumbani. Na moyo unaokimbia usiku hutoa jasho pia. Hofu ina homa yake.

Mimi nilikulia ng'ambo ya ziwa, Bukoba. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa huko Kagera, na watu wakauita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiingia kwa magendo kutoka Uganda. Mitaani hapakuwa na kipimo, basi tulipima kwa macho. Jirani yetu fundi cherehani alikonda, akakohoa, wateja wakaacha kumletea vitambaa. Nakumbuka cherehani yake barazani, imefunikwa kanga miezi mingi, vumbi limeshika kwenye mikunjo. Kilikuwa kifua kikuu. Akatibiwa, akapona, na ndiye aliyenishonea gauni langu la harusi. Na kijana mmoja wa dukani, mnene, msafi, ambaye mama zetu walikuwa wakitutajia kama mchumba wa kufaa, ndiye tuliyemzika. Tangu hapo sina imani na macho, ya mtu yeyote.

Ndiyo maana sentensi yako juu ya yule mwanamke imenichoma. Unasema alikuwa mnene na ngozi nzuri, kana kwamba hicho ni cheti. Halafu unasema wanawake wa visiwani unawajua. Simjui, na wewe humjui. Inawezekana hana VVU. Inawezekana anavyo, anatumia dawa vizuri na virusi vyake havionekani kwenye kipimo, na mtu wa namna hiyo haambukizi kwa kujamiiana. Ungekuwa salama zaidi kwake kuliko kwa mtu ambaye hajawahi kupima maisha yake yote. Inawezekana pia uteute huo alikupa yeye, au ulikuwa nao wewe ukamwachia. Ukirudi kule, au kama una namba yake, mwambie akatibiwe. Anastahili habari hiyo kama unavyoistahili wewe.

Hatari ya usiku mmoja ni kubwa kiasi gani? Makadirio yanayotumika Marekani ni kwamba mwanamume akilala bila kinga na mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa, maambukizi hutokea kama mara 4 katika matendo 10,000. Ugonjwa wa zinaa huipandisha hatari hiyo, na mwenzako akiwa ameambukizwa karibuni hupanda zaidi. Kambi za wavuvi nazo zina VVU kuliko wastani wa nchi, ambao utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliukuta asilimia 4.4 kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Nakupa namba hizi ili upate kulala usiku wa leo. Kupima kuko pale pale.

Kile kipimo chako cha siku ya tisa kisahau. Vipimo vile havitafuti virusi, vinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza baada ya kuvitambua virusi, na hutengenezwa polepole. Kupima siku ya tisa ni kama kutupa nyavu za dagaa mchana kweupe: zikitoka tupu hujajua lolote kuhusu ziwa. Sasa wiki tano zimepita, kipimo cha damu ya kidoleni kina maana kubwa zaidi. Kikionyesha unavyo, watarudia kwa vipimo vingine kabla ya kukupa jibu. Kikionyesha huna, ni habari njema, ila haijakamilika; utarudia ikitimia miezi mitatu tangu usiku ule. Wewe unahesabu kwa mwezi, kwa hiyo ni rahisi: kutoka mbalamwezi ile hesabu tatu, ongeza siku chache, nenda. Katikati hapo hakuna cha kupima shingoni wala mizanini.

Unaogopa kuonwa, najua, Kirumba kila mtu ni ndugu wa mtu. Basi panda daladala uende Igoma au Nyegezi, au ingia hospitali ya mkoa ya Sekou Toure ambako watu ni wengi na kila mmoja ana shida yake. Kupima hakukulazimishi kuingia CTC, ile kliniki ya wanaotumia dawa za VVU. Unakwenda mapokezi ya kawaida, unasema una shida ya mkojo na unataka ushauri nasaha na kupima. Kwenye vituo vya serikali kupima VVU ni bure, na sheria ya mwaka 2008 inamkataza mhudumu kutangaza majibu yako. Mwambie ukweli wote, tarehe ya kisiwani, mseto, antibayotiki, mke, mtoto. Akikosa tarehe hataweza kukusaidia vizuri.

Ikionekana unavyo, utaanza dawa mara moja. Tangu 2016 hapa nchini hatusubiri tena mtu adhoofike. Kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku, bila kulipia, na baada ya miezi kadhaa virusi hufubaa hadi havionekani. Utaendelea kununua dagaa, utamlea huyo mtoto. Ikionekana huna, waulize kuhusu PrEP, dawa ya kujikinga kabla, maana biashara yako itakurudisha visiwani na mbalamwezi itatoka tena. Na kondomu ziwe mfukoni tangu unapopanda boti.

Mkeo. Hapa najua ndipo ulipotaka niseme ukae kimya mpaka majibu yakamilike. Siwezi. Anahitaji kupima na kutibiwa sasa, na hakuna namna ya kumpeleka kwa uongo bila uongo huo kukuumbua baadaye. Mwambie siku hiyo hiyo utakayotoka kupima, mtoto akiwa amelala, simu umeizima. Sema: "Nilipokuwa kisiwani nilikukosea. Nililala na mtu bila kinga. Naumwa, nimeenda hospitali, na naogopa nimekuletea ugonjwa wewe na mtoto. Naomba twende wote ukapime." Usianze na pombe, usianze na marafiki. Atalia, anaweza kukutukana, anaweza kuondoka kwenda kwao. Akienda, muulize kama unaweza kumsindikiza kliniki ya huko. Ukiona ulimi unakataa kabisa, muombe mshauri wa kituoni mzungumze wote watatu. Wamefanya hivyo na wengi.

Kesho asubuhi usipitie Mwaloni kwanza. Amka, kunywa chai na ule kitu, hata chapati moja, kwa sababu kipimo hiki hakihitaji uende na njaa, kisha panda gari.