Mume wangu amegandisha kurasa za kitabu cha shule, je binti aache somo?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Kisauni, binti yangu yuko kidato cha tatu. Kitabu chao cha fasihi kina kurasa mbili za mtu na mke wa jirani, mambo yameelezwa mpaka aibu. Babake kazipaka gundi kazigandisha, na ustadhi mmoja kasema darsani kusoma hivo ni haramu, bora aache somo. Nifanyeje?

JAWABU: Waalaykum salaam dada yangu. Pole, manake najua uko katikati ya mume na mtoto.

Huyo ustadhi anasema penye kutajwa zinaa pasisomwe, haya, Surat Yusuf ataipeleka wapi? Mke wa Azizi kafunga milango kamwita kijana wa watu, na Mwenyezi Mungu mwanzo wa sura ametuambia anatusimulia visa vizuri kabisa. Na Safina, kile kitabu kidogo cha fiqhi tunachosomesha watoto chuoni, janaba, hedhi na nifasi zimo, nayo tuigandishe? Ummu Sulaym alimuuliza Mtume (s.a.w.) waziwazi kama mwanamke akiota ndoto ya unyumba aoge, akajibiwa naam akiona maji, hakufukuzwa. Ustadhi anajua yote haya, sijui siku hiyo aliyasahau wapi.

Lakini tusidanganyane, Qur'ani ilisema milango imefungwa basi, haikutuingiza ndani tukatazama. Mwandishi anayekukalisha kitandani kwa watu simtetei. Hapo wazazi semeni, lakini semeni na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya wanaopitisha vitabu, si kumzomea mwalimu aliyepewa silabasi tu. Na somo asiache, Kiswahili kwa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ni lazima na fasihi ndo karatasi ya tatu, asome kwa haja ya mtihani apite, hana dhambi inshallah.

Sasa gundi. Dada, kurasa zilizogandishwa ndo za kwanza kutafutwa, wallahi mimi sishangai kama mwenzake binti yako ashamtumia picha kwa WhatsApp na kazisoma peke yake chini ya shuka. Keti nae baada ya isha, wewe mwenyewe, si babake, muulize yule mwanamume wa kitabuni anamuonaje, na yule mke je, alafu nyamaza umsikilize, usigeuze hotuba. Akikuuliza la kukuonea haya mjibu, usipomjibu wewe simu itamjibu.

Na kama kitabu ni cha shule, mwambie bwanako kwa upole akanunue kingine arudishe, kuharibu mali ya watu ni deni hata ukiwa na nia njema.