Re: Kwa nini p53 haipandi kwenye HeLa baada ya sisplatini?

Maalim wa Tunguu, umeuliza kwa nini p53 (protini inayolinda seli dhidi ya saratani) haionekani ingawa seli zimekaa na sisplatini, dawa ya saratani yenye platini, saa 24. Mimi naanza na hizo HeLa, seli za saratani ya mlango wa kizazi. Zimebeba jeni za virusi vya HPV-18, na protini ya E6 ya virusi hivyo huipeleka p53 kuvunjwa kila inapotengenezwa, kwa hiyo hata ikipanda utaona mstari hafifu tu kwenye kipimo cha protini (western blot). Chukua HCT116 (seli za saratani ya utumbo mpana) zenye p53 nzima, na zile zilizoondolewa p53 ziwe za kulinganishia.

Halafu dawa umeiyeyusha katika kitu gani? Kama ni DMSO, kile kiyeyushi cha maabara, umeshaiharibu: DMSO hung'oa klorini na kushika platini yenyewe. Tumia maji ya chumvi ya 0.9%.

Dawa ikiwa nzima, platini hufunga guanini mbili jirani kwenye DNA, unakili wa DNA unakwama, ATR (kimeng'enya kinachohisi hitilafu hiyo) inaamka na kutia fosfeti kimeng'enya kingine, CHK1, kwenye asidi amino ya serini 345. p53 nayo hutiwa fosfeti kwenye serini 15, MDM2 (protini ya seli inayoipeleka p53 kuvunjwa) inashindwa kuishika vizuri, ndipo inaporundikana. Pima saa 4, 8 na 24.

γH2AX (alama ya DNA iliyovunjika) nayo isikudanganye, maana seli inayojiua huitoa pia. Angalia kaspesi-3 iliyokatwa, alama ya seli kujiua, kwenye sampuli hiyo hiyo.