Moyo ukisimama uwanjani: daktari anawajibu wasomaji wa Kigoma

Kwenye ndondo hapa Ujiji kijana alianguka bila kuguswa na mtu. Tulimmwagia maji, tukamwahisha kwa bodaboda, akafia njiani. Tulikosea wapi? – Kocha

Pole sana, kocha. Maji hayaamshi moyo. Mchezaji akidondoka peke yake na ukimwita haitiki, hesabu kwamba moyo umesimama. Huweza kutupa miguu mkadhani kifafa, au kukoroma kwa kukatakata. Huko si kupumua. Achaneni na kumvuta ulimi au kumtia kijiko mdomoni. Piga magoti, weka viganja viwili katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, nyoosha viwiko, bonyeza kifua kididimie sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Pokezaneni kila baada ya dakika 2. Bodaboda akaite gari. Mgonjwa abaki chini, kwani juu ya pikipiki hakuna awezaye kumbonyeza kifua.

Mtaani wanasema wapinzani walimchezea kishirikina.

Hayo nawaachia kamati za ufundi. Kwa vijana, mara nyingi ni hitilafu ya kuzaliwa nayo: msuli wa moyo mnene kupita kiasi, kama wa Marc-Vivien Foé wa Kameruni aliyefia uwanjani Lyon mwaka 2003, au umeme wa moyo usiotulia. Wengine msuli wa moyo huvimba baada ya homa ya virusi, ndiyo maana mwenye homa hachezi.

Mwanangu huzimia akikimbia. Ni uchovu? – Mama, Kasulu

Hapana, mama. Asiguse mpira mpaka apimwe umeme wa moyo. Mweleze daktari kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Likionekana tatizo, atapewa rufaa, pengine hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Aliyeanguka hivyo anaweza kucheza tena?

Christian Eriksen wa Denmark alianguka Juni 2021, akashtuliwa moyo kwa mashine ya umeme palepale, akapandikizwa kifaa cha kuushtua moyo kifuani, na Februari 2022 alikuwa anacheza Uingereza. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, moyo wake ulisimama kwa dakika 78 mwaka 2012; alipona, lakini soka aliacha. Wote walibonyezwa kifua bila kuchelewa. Asipobonyezwa, kila dakika hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

Uwanja wetu hauna mashine hiyo.

Viwanja vingi havina. Mikono mnayo, nayo huununulia ubongo muda hadi gari lifike. Jumamosi kabla ya mazoezi, tengeni nusu saa mjifunze kwa muuguzi wa zahanati yenu, refa naye awepo.