Bosi anayekumbuka kazi jioni

Pole, dada yangu. Umeuliza ufanyeje na bosi anayekaa kimya kutwa nzima, halafu saa kumi na moja kasoro, wewe mkoba begani, ndiyo anakumbuka ripoti. Na usiku anakurushia voisi ndefu za WhatsApp.

Hajakukamia huyo, ni akili yake tu inachelewa kuwaka. Mtangulie. Saa tisa hivi, akishashushia kitumbua na chai, ingia na kalamu mkononi: "Bosi, leo kuna lolote la kumalizia?" Atakuna kidevu, atasema hakuna, kisha ukifika mlangoni atakuita. Bora akuite muda huo.

Voisi usizijibu kwa voisi, mtapiga soga hadi saa sita. Asubuhi mwandikie mistari miwili: "Nimeelewa unataka hiki, kiwe tayari Ijumaa." Siku akikana kwamba hakuagiza hivyo (na atakana), usibishane. Mwonyeshe simu kwa adabu, ukitabasamu kidogo. Kidogo tu.

Ila utani una mpaka. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kama wewe si meneja na kila jioni unabakizwa, andika saa zako kwenye daftari, mwisho wa mwezi mpelekee afisa utumishi.

Kuhusu kiyoyozi anachokishusha hadi nyuzi 16, hapo sina dawa. Nunua sweta.