Maji yanatokota lakini viazi haviivi, tatizo nini?

SWALI: Mhariri salama? Mi nimekwama. Nimesoma eti kule kileleni Everest maji yanachemka kwenye nyuzi joto 71 tu, sio 100 kama tulivyokaririshwa shule. Sasa kama yanachemka mapema hivyo si ndo raha, chakula kinaiva chap na gesi inabaki? Mbona wapanda milima wanalia kwamba chakula hakiivi? Na nikizidisha moto si nitayafikisha 100 kwa lazima? – Msomaji mbishi

JIBU: Salama kabisa mbishi wetu. Kinachokupiga chenga hapo ni neno "kuchemka". Tumezoea tukiona maji yanatokota tunajua basi hayo yamefika mwisho wa moto, kumbe kutokota ni habari ya mvuke kushindana na hewa, nani ana nguvu kumzidi mwenzake.

Hewa unayoiona haina kitu ina uzito. Usawa wa bahari inakandamiza eneo dogo tu kama kucha ya kidole gumba kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 1 hivi. Sasa bandika sufuria alafu tega sikio. Kabla maji hayajachemka utasikia "shiiii", hiyo ni viputo vya mvuke vinazaliwa chini kwenye moto, vinapanda kidogo, vinakutana na maji ya juu ambayo bado hayajakolea, vinabanwa vinakufa, vingine vinazaliwa vinakufa, hivyo hivyo mpaka maji yote yapate joto la kutosha na mvuke uwe na msukumo sawa na ule wa hewa. Hapo kiputo hakibanwi tena, kinafika juu kizima na ile sauti inabadilika inakuwa "gbu gbu gbu". Ndo kuchemka huko.

Usawa wa bahari mvuke unafikisha nguvu hiyo kwenye nyuzi 100. Everest, mita 8,849 juu, presha ya hewa ni kama theluthi tu ya ile ya chini, kwahiyo nyuzi 71 zinatosha. Kwa makadirio ya haraka haraka, kila ukipanda mita 300 toa nyuzi 1.

Ila chakula hakijali mapovu, kinaangalia joto tu. Ute wa yai kwa mfano unaanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kitu lakini protini yake kubwa inataka karibu 80, kwahiyo kule juu utachemsha yai weee na ute utabaki laini laini. Kuhusu kuzidisha moto, unachoma gesi bure ndugu yangu. Maji yakishachemka moto wa ziada unaishia kuyageuza mvuke, sufuria itakauka mapema lakini joto halipandi.

Na hujachanganyikiwa peke yako. Mwaka 1835 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alikuwa anavuka milima ya Andes kule Amerika Kusini, wakapiga kambi juu sana, viazi vikachemshwa masaa, sufuria ikaachwa motoni usiku kucha, asubuhi ikachemshwa tena, viazi bado vigumu. Darwin akawasikia wenzake wawili wanajadili kisa, wakakubaliana kwamba ile sufuria imelaaniwa, ni mpya na imegoma tu kupika viazi!

Dawa yake ni kuufungia mvuke ndani. Mfaransa Denis Papin alionyesha chungu cha namna hiyo London mwaka 1679. Presha kuka za leo zinafikisha presha kama mara mbili ya hewa ya kawaida, na maji humo yanakwenda nyuzi 120 hivi.

SWALI: Juzi gari imepandisha joto njiani nikataka kufungua mfuniko wa rejeta, fundi akanifokea kama mtoto. Kosa langu nini? – Dereva

JIBU: Mshukuru huyo fundi. Mule ndani maji yamebanwa, yanaweza kupita nyuzi 100 na yasichemke. Ukifungua presha inashuka ghafla, yanachemka yote kwa pamoja na kukurukia usoni. Zima injini subiri ipoe kabisa, kabisa yaani.

Ukitaka kuona kitu hicho hicho bila hatari chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta maji kidogo ya moto ambayo kidole kinavumilia, toa hewa yote iliyobaki, ziba tundu alafu vuta mchi kwa nguvu. Mapovu mengine ni hewa iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji lakini mengine ni mvuke, maji yanatokota mkononi mwako na hujawasha hata kiberiti. Achia mchi, yanatulia tuli.