Sanduku limejaa, cha kuvaa hakuna

Tanga, mwezi wa saba

Mwanangu,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku nimeusikiliza mara mbili: mara ya kwanza na baba yako, mara ya pili peke yangu jikoni, maana baba yako alikuwa anaongea juu yake. Umeniuliza hivi: mbona wewe mama ulikuwa na nguo za kuhesabika na watu walikusifu kila siku, mimi sanduku halifungi na kila asubuhi nasimama mbele yake sina cha kuvaa, tena na baridi hii ya Njombe? Nikaona nikuandikie. Kwa simu nitaanza na sketi nitaishia kwenye bei ya nazi.

Kwanza, nguo unazo. Ila ni nguo za Tanga. Siku unapanga nilikuwa nimekaa kitandani pako nakutazama: madira manne, blauzi zisizo na mikono, yale magauni ya shifoni ya harusi za wenzako, suruali nyepesi kama karatasi. Kwa miaka ishirini na sita ya kuamka na jasho, vyote hivyo vilikufaa. Sasa uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, katikati ya kipupwe, na kazi yenyewe ya afisa kilimo: asubuhi ofisini, mchana kwenye mashamba ya viazi na parachichi. Barua ya uhamisho ulipewa wewe, sanduku halikupewa.

Yalinikuta hayo hayo mwaka 1986. Nilitoka chuo cha ualimu Korogwe, kwenye joto la kukausha muhogo, nikapangiwa shule moja huko juu kabisa ya Lushoto. Nimeshuka kwenye gari mwezi wa saba, gauni la mikono mifupi, viatu vya wazi, nywele nimetoka kusuka. Walimu wenyeji walinitazama kama unavyomtazama kuku aliyenyeshewa. Usiku ule nililala nimevaa kila nilichokuja nacho, na bado meno yaligongana. Asubuhi kipindi cha kwanza chaki iliniponyoka mara tatu, vidole vimekufa ganzi, watoto wanacheka. Mwalimu mmoja mama wa makamo, Msambaa, akaniita pembeni. Akavua kanga yake ya juu, akaniambia nipandishe gauni, akanizungushia ile kanga kifuani na mgongoni, juu ya ngozi kabisa, akaikaza kama anavyofungwa mtoto mchanga. Akashusha gauni. "Haya, kafundishe." Nje sikubadilika hata kidogo, lakini nilifundisha mpaka saa nane.

Ndiyo maana ninaposikia unataka kununua koti kubwa la manyoya, nasema subiri. Baridi huvaliwa kuanzia ndani. Koti moja zito lina hali mbili tu: umelivaa au umelivua. Na huko kwenu, umesema mwenyewe, saa moja asubuhi pumzi inatoka kama moshi, saa saba jua linachoma, saa kumi na mbili mnarudi pale pale. Vaa fulana ya pamba inayobana, juu yake shati la mikono mirefu, juu yake sweta jepesi, halafu koti la kuzuia upepo. Kinachokupa joto ni ile hewa inayokaa katikati ya nguo na nguo, kwa hiyo nguo tatu nyembamba zinalishinda blanketi, na unaweza kuzivua moja moja kadiri jua linavyopanda. Chini vaa taiti, kisha sketi. Soksi mbili hazina maana kama kiatu kinabana; mguu uliobanwa hupoa haraka kuliko mguu wenye soksi moja.

Masweta nunua huko huko. Hapa Tanga, sokoni Tangamano, sweta zuri linakaa chini ya rundo mpaka atokee msafiri, lakini wauza mitumba wa Njombe wanajua wanachofungua kwenye belo. Usidanganywe na unene wala ulaini. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uuwashe kwa kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika vidoleni, hiyo ni sufu, chukua. Ukinuka karatasi, ni pamba. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, hiyo ni plastiki: joto itakupa, lakini ukipanda mlima shambani utalowa jasho kwa ndani, na jasho likipoa utajuta. Muuzaji akinuna mpe kisogo, sweta utalivaa wewe na baridi ni yako.

Sufu ina masharti yake. Maji ya baridi, sabuni kidogo, usisugue, usikamue kwa kulisokota. Libane ndani ya taulo kavu, kisha lilaze litandazwe. Ukilitia maji ya moto ukalisugua, linarudi la mtoto wa darasa la pili. Lile la kijani uliloonekana nalo kwenye picha ni sufu tupu, nalifahamu vizuri. Uliangalie.

(Sisi wakati ule mitumba tuliita kafaulaya, eti nguo za Wazungu waliokufa. Ilipoanza kuruhusiwa, miaka ya katikati ya themanini, kuna waliokataa kuzigusa wakisema zina mashetani. Hao hao mwaka uliofuata nilikutana nao sokoni wameinama kwenye rundo kunizidi. Usiwacheke. Waliokuwa watu wazima mwaka 1983 wanajua ilivyo kuingia dukani ukakuta rafu tupu na muuzaji anasinzia.)

Sasa hilo la kusifiwa. Nitakwambia ukweli, na baba yako asijue kwamba nimekwambia, maana miaka yote hii anadhani ni kipaji.

Mwalimu anatazamwa mgongo. Nusu ya siku umegeukia ubao, na macho ya watoto sabini yako kwenye mshono wa nyuma wa sketi yako. Mwezi wangu wa kwanza zipu ilikuwa imepinda, nikapewa jina la utani ambalo silirudii hapa. Tangu siku hiyo sikuwahi kutoka nyumbani bila kusimama nimeupa kioo kisogo, na kioo kidogo mkononi. Nikagundua jambo la pili: sketi nyeusi, ambayo kila mtu aliniambia ndiyo ya kiofisi, ikifika saa nne ina viganja vya chaki kila mahali. Nikahamia rangi ya maziwa, ya udongo, na bluu ya kati. Tatu tu. Kila cha juu kilikubaliana na kila cha chini, hata nikivaa gizani umeme umekatika. Wewe chaki huna, una udongo mwekundu. Kwa hiyo nyeupe iache Tanga, na nyeusi itakuonyesha kila tone la tope. Tafuta kahawia, kijani kibichi, bluu iliyofifia, na kitenge chenye maua mengi kwa siku za kikao, maana maua huficha.

La tatu ni fundi. Nguo zangu hazikuwa nzuri kuliko za wenzangu, ila zilinikaa. Wewe unanunua blauzi, mabega yanaanguka, unaivaa hivyo hivyo kwa sababu rangi imekupendeza. Mpelekee fundi aingize bega sentimita mbili, apunguze kiunoni, apandishe pindo. Kama nguo ni ya kitambaa kikwaruzacho mwambie aitie bitana. Ukimaliza na blauzi tano za hivyo, utashangaa zile nyingine kumi na tano hukumbuki zilipo.

Na lile gauni la bluu? Mlidhani yalikuwa matatu. Lilikuwa moja. Nililishona mwaka 1994, lina kola na mikono mirefu. Kola ilipochakaa niliibandua, nikaweka shingo ya mviringo, mkaniambia mama umenunua jipya. Kwapa zilipochanika nikakata sehemu ya juu, nikatia lastiki, ikawa sketi. Mkasema mama ana nguo nyingi za bluu. Mwisho wake unaujua, ni ule mto ulioondoka nao, ulaze kichwa vizuri.

Majira nayo. Sisi wa pwani tuna mizunguko mingi na nguo zetu huzunguka nayo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, sivai kitu kisicho pamba. Dira la nailoni Februari ni adhabu, hata lingekuwa na nakshi za namna gani. Masika mapindo yote yanapanda juu, kwa sababu gauni refu linafagia madimbwi, na nguo nene naziweka mbali kwani hazikauki, zinaota ukungu na kunuka uvundo. Kipupwe ndio muda wangu wa kujidai: nafunga mtandio, napiga gauni la mikono mirefu, watu wa Tanga tunalalamika baridi kwenye nyuzi 20 nawe unatucheka kutoka huko. Vuli ni kuanika na kuanua mara tatu kwa siku.

Huko mvua yenu ni moja ndefu, Novemba hadi Aprili, kisha ukavu na baridi. Kwa hiyo ligawe sanduku mara mbili tu. La mvua: gambuti, sketi zinazoishia chini kidogo ya goti, koti la mvua lenye kofia. Jinzi usiivae shambani msimu huo, ikilowa inakuwa nzito kama mtu amekushika miguu, na haikauki siku mbili. La baridi nimeshalieleza. Lile lisilotumika lifunge na vidonge vya kufukuza nondo wanaokula nguo, hasa sufu, na lisikae sakafuni.

Kitu kimoja sitaki ubishi. Umeniambia mwenzako wa chumba cha pili anakausha nguo usiku kwa jiko la mkaa ndani, milango imefungwa. Usifanye hivyo, na yeye mkataze. Hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, mtu analala anaona amepata joto, asubuhi haamki. Nguo ikilowa, ivae kesho kutwa. Waambie ofisini mama yako amekataza.

Nilitaka kusahau kanga. Bibi yako hakutoka nje maisha yake yote bila kanga moja iliyokunjwa ndani ya mkoba, nami nilidhani ni mambo ya wazee, mpaka alipoanza kunisimulia. Mwaka 1969 alikuwa Dar es Salaam, msichana wa miaka ishirini na kitu, anapenda vimini. Ndio mwaka ule Umoja wa Vijana wa TANU walianza kuwasimamisha watu barabarani kwa ajili ya vimini, mawigi na suruali za kubana. Bibi yako alivaa kimini chake kama kawaida na kanga mkobani. Akiwaona wale vijana kwa mbali anajifunga, anapita na salamu ya heshima. Akikata kona anafungua, anaikunja. "Walinisifu kwa maadili," alikuwa akisema, anacheka mpaka anakohoa. Kanga ile imenifaa mimi kwa mengine: ndani ya basi kujifunika, msibani bila taarifa, mtoto amejikojolea darasani, zipu imekatika. Na Lushoto nimekueleza.

Kwa hiyo nimekutumia mzigo kwa basi, utafika Dar kesho na Njombe siku ya pili yake. Dereva ana namba yako. Ndani kuna doti mbili za kanga, pamba tupu, uzi wake nimeuunguza mwenyewe. Nimezikata na kuzipinda, lakini zile za rangi nyekundu ziloweke kwanza kwenye maji ya chumvi usiku mmoja, peke yake, zisije zikachujia blauzi. Kuna taiti tatu, na sketi ya kahawia niliyoishona kwa vipimo vyako vya zamani. Ukisema umepungua kama ulivyosema, chukua futi unipimie upya kiuno na nyonga, usinitumie makisio. Kuna na bajia nimezifunga kwenye mfuko wa pili. Usizichanganye na nguo kama mwaka jana.

Hapa nyumbani hatujambo. Nakuandikia nimejifunga kanga ya nyumbani, ile iliyofifia mpaka jina lake halisomeki tena, mikono ina tui. Baba yako amekaa barazani na msuli wake anasubiri wali. Sasa hivi ameingia ananiuliza kama nimeliona sweta lake la kijani, la ile safari ya Arusha. Nimemwambia nitatazama kabatini. Wewe ukituma picha nyingine kwenye kundi la familia, vaa koti juu yake.

Mama yako